Wamama juu ya kinga: kupanda pamoja kwa ajili ya wanawake waliozuiwa

Kolwezi. Mbele ya jua kupanda, kinga zinaanza kuingia mjini kwa barabara zote. Moja imebeba mifuko mitatu ya makala iliyofungwa kwa kamba, ingine bidoni za maji, ingine mikate, ingine mfuko wa mawe yenye madini. Anayesukuma ao anayepanda, karibu kila mara, ni mwanaume. Wamama nao wanapita pembeni ya barabara ileile, beseni kwa kichwa, mtoto mgongoni, miguu ndani ya vumbi. Mwanamke akionekana juu ya kinga, mara nyingi amekaa nyuma, kwa portebagaje.

Hakuna sheria ya Congo inayokataza mwanamke kupanda kinga, ndiyo baiskeli kama wanavyoita watu wa Tanzania na Kenya. Kuna nchi ambako anakatazwa kabisa, na kuna ambako anatupiwa mawe. Kwa ajili ya wale, wanawake wa miji mingi ya dunia wamezoea kukutana siku moja, kupanda kinga pamoja na kusema waziwazi: tunapanda kwa niaba ya wenzetu ambao hawawezi. Habari hii inaeleza desturi hiyo ilitoka wapi, inafanya kazi namna gani, na inauliza nini kwa wanawake wa Lualaba.

Ni kitu gani hasa?

Kupanda kwa mshikamano si mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kundi la wanawake linakutana mahali panapojulikana, linapita polepole kwa barabara kubwa, na linatangaza ni kwa ajili ya nani. Mara ingine wanavaa nguo ya rangi moja, mara ingine wanabeba majina ya waliofungwa ao waliokimbia nchi. Wanaoweza kutoka wanatumia uhuru wao ili walio kimya wasisahauliwe.

Kwa nini kinga, na si kutembea kwa miguu tu? Juu kinga inampa mtu mambo matatu mara moja: anafika mbali, anajiongoza mwenyewe, na anaonekana na watu wote. Mambo hayo matatu ndiyo yanayowakasirisha wale wanaotaka mwanamke abaki nyumbani. Ndiyo maana hata Ulaya na Marekani, kinga zilipoenea miaka ya 1890, wanganga na wachungaji walibishana sana kama mwanamke anaruhusiwa kupanda, na kama anaweza kuvaa suruali kwa sababu hiyo. Miaka michache kisha, wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura walizunguka na kinga kutoka kijiji hadi kijiji, wakihubiri madai yao.

Makundi mawili yanayojulikana

La kwanza ni Follow the Women, lililoanzishwa na Mwingereza Detta Regan. Mwaka 2004, wanawake wa nchi nyingi walipanda kinga pamoja kupitia Lebanoni, Siria na Yordani, wakidai amani Mashariki ya Kati. Kwa wanawake wengi wa sehemu zile, ilikuwa nafasi ya kupanda kinga barabarani mbele ya watu, kitu ambacho familia nyingi hazikuzoea kuona. Wageni walikuja kuwa pamoja nao. Wenyeji walipata sababu ya kutoka.

La pili lilianzia Uturuki. Mwaka 2013, mjini Izmir, mwalimu Sema Gür aliwaita wanawake wenzake watoke na kinga wakiwa wamevaa vizuri: magauni, maua, kofia. Wazo lilikuwa rahisi. Mwanamke asilazimike kujificha ndani ya nguo za michezo ili aruhusiwe kupanda. Apande jinsi anavyovaa kila siku. Matembezi yale yanafanyika kila mwaka mwezi wa tisa, karibu na tarehe 22, siku ya dunia ya miji bila magari, na leo yanafanyika katika miji zaidi ya mia moja. Kwa mama wa Kolwezi anayevaa kikwembe, wazo hilo halihitaji maelezo marefu.

Wapi wanawake wanazuiwa?

Irani. Mwezi wa saba 2016, mjini Marivan, wanawake waliotoka kupanda kinga pamoja walizuiwa, na wengine walikamatwa. Mwezi wa tisa mwaka uleule, kiongozi mkuu wa nchi, Ali Khamenei, alitoa agizo la dini kwamba wanawake wasipande kinga mbele ya wanaume. Wanawake wengi walijibu kwa kutoka na kinga na kusambaza picha zao. Mwaka 2019, mwendesha mashtaka wa mji wa Isfahan alitangaza tena kwamba ni marufuku kwa wanawake kupanda kinga hadharani.

Saudia. Hadi mwaka 2013, mwanamke hakuruhusiwa. Mwaka ule serkali ilifungua mlango kidogo: apande kwa kujifurahisha tu, ndani ya bustani, amevaa abaya, na mwanaume wa jamaa yake awe karibu. Kwenda nayo kazini ao sokoni haikukubaliwa. Tangu hapo mambo yamebadilika: mwaka 2018 wanawake walifanya mashindano ya kinga mjini Jeddah, na mwezi wa sita wa mwaka uleule waliruhusiwa kuendesha gari.

Afghanistan. Hapa ndipo habari ni ndefu na nzito zaidi, na ndiyo nchi inayotajwa mara nyingi na makundi ya mshikamano.

Miaka ya 2010, wasichana wa Kabul waliunda timu ya taifa. Walikuwa wakitoka alfajiri, mbele ya watu kuamka, ili kupunguza matusi. Walitupiwa mawe, magari yaliwasukuma, na watu waliwaambia wazazi wao kwamba kinga inaharibu usichana wa binti. Mmarekani Shannon Galpin, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupanda kinga ya milimani katika nchi ile, aliwatafutia kinga, nguo na vifaa. Mwaka 2016, wabunge wa Italia waliipendekeza timu ile kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Mmoja wa wasichana wale ni Masomah Ali Zada. Familia yake ilipata ukimbizi Ufaransa mwaka 2017, na akasoma uinjinia huko Lille. Kwa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikimbia katika timu ya wakimbizi, mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Alifika wa mwisho, wa 25. Lakini mtu aliyetupiwa mawe Kabul alikuwa amesimama pale dunia yote ikimwona. Paris 2024, yeye ndiye alikuwa kiongozi wa timu nzima ya wakimbizi.

Mwezi wa nane 2021 Wataliban walirudi Kabul. Wasichana walizuiwa kusoma masomo ya sekondari, kisha chuo kikuu, na michezo ya wanawake ikafungwa. Wanawake waliojulikana kwa kinga walificha vifaa ao kuvichoma moto, kwa kuogopa kukamatwa. Shirikisho la kinga la dunia, UCI, pamoja na watu kama Alessandra Cappellotto, Mwitalia aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1997, walisaidia wengi kutoka.

Tarehe 23 mwezi wa kumi 2022, mjini Aigle, Uswisi, kulifanyika kitu ambacho hakijawahi kuonekana: mashindano ya ubingwa wa Afghanistan kwa wanawake, nje ya Afghanistan. Wanawake karibu 50 waliokuwa wametawanyika katika nchi mbalimbali walikuja kushindana, kilometa 57. Fariba Hashimi alishinda, na dada yake Yulduz akafika wa pili. Wawili hao, wazaliwa wa jimbo la Faryab, walijifunza kinga kwa siri, wamefunika uso. Mwezi wa nane 2024 wote wawili walikimbia Paris kwa jina la nchi yao, ijapo serkali ya Kabul haiwatambui.

Maneno ya «usichana»

Neno lile waliloambiwa wazazi wa Kabul linasikika pia sehemu nyingi za Afrika: binti akipanda kinga, hatakuwa tena bikira. Jibu la wanganga liko wazi. Mwezi wa kumi 2018, Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi za Umoja wa Mataifa za wanawake na haki za binadamu walitangaza kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuonyesha kama msichana amelala na mwanaume ao hapana. Wakaomba uchunguzi wa namna ile ukomeshwe kila mahali. Mzazi anayemnyima binti kinga kwa sababu hiyo anamnyima bure.

Afrika, na uchungu wa Kigali

Afrika nayo ina majina yake. Mnyarwanda Jeanne d'Arc Girubuntu alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Afrika kukimbia mashindano ya dunia ya barabarani, mwaka 2015 huko Richmond, Marekani. Miaka kumi kisha, kuanzia tarehe 21 hadi 28 mwezi wa tisa 2025, mashindano hayo yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara hili, na wanawake wengi wa Afrika walipata nafasi ya kukimbia karibu na nyumbani.

Kwa Wakongomani, sherehe ile ilikuja na uchungu. Mwezi wa kwanza wa mwaka uleule Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa M23, wanaosaidiwa na Rwanda kama wanavyoeleza wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Wakati kamera za dunia zilionyesha barabara safi za Kigali, ng'ambo ya mpaka wamama walikuwa wakikimbia na watoto na magodoro. Jambo hili linafaa kusemwa, juu linaonyesha kwamba michezo na mshikamano si kitu kimoja. Mwanamke anaweza kupigiwa makofi upande mmoja wa ziwa, na mwenzake kukosa pa kulala upande wa pili.

Congo nayo ilisimamiwa na wengine

Watu wengi hapa wanafikiri mshikamano ni kitu tunachowapa wengine. Wamesahau kwamba wanawake wa Congo wenyewe ndio waliokuwa wakisimamiwa kwa miaka mingi.

Mwaka 2005, Mmarekani Lisa Shannon alikimbia peke yake maili 30, karibu kilometa 48, katika mji wa Portland, ili kukusanya pesa kwa ajili ya wanawake wa mashariki ya Congo walioumizwa na vita. Mbio zile, zilizoitwa Run for Congo Women, zilienea katika miji mingine.

Mwezi wa kumi 2010, Matembezi ya Dunia ya Wanawake yalimalizia safari yake Bukavu. Wajumbe walitoka nchi zaidi ya 40. Walifika hata Mwenga, ambako mwaka 1999 wanawake walizikwa wakiwa wazima. Tarehe 17 watu karibu elfu ishirini walitembea kwa barabara za Bukavu, wamama wa Kivu mkono kwa mkono na wageni.

Je, vita viliisha? Hapana. Wabakaji wote walikamatwa? Hapana. Lakini mashirika ya wanawake wa Kivu yalijulikana, hospitali ya Panzi ilizidi kusikika, na mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hayo yalikuwa matunda ya kazi ya miaka mingi ya watu wa pale pale, na macho ya nje yalisaidia yasizimwe. Anayetaka kujua mshikamano unaweza kufanya nini, na unashindwa wapi, ana mfano ndani ya nchi yake.

Kolwezi: kinga ni ya nani?

Mji huu ulijengwa miaka ya 1930 na kompanyi ya Union Minière, ambayo mwaka 1967 mali zake zilichukuliwa na serkali na kuwa Gécamines. Mshahara ulikuwa wa baba. Hata jina la siku ya posho, ndiyo siku ya sita ya juma, linakumbusha wakati ule wa kugawa chakula kwa familia za wafanyakazi. Kinga ilinunuliwa kwa mshahara wa baba, ikawa mali yake, na iliporithiwa ilienda kwa mtoto mwanaume. Hakuna aliyeandika amri. Ilikuwa hivyo tu, na watu wakazoea.

Leo Gécamines haiwalishi tena watu kama zamani, na maelfu wanaishi kwa kuchimba wenyewe. Huko nako kazi imegawanywa. Katika mashimo mengi kuna imani kwamba mwanamke akikaribia, madini yanakimbia. Kwa hiyo wamama wanabaki juu: wanaosha mawe ndani ya maji, wanachagua, wanapepeta, wanauza chakula. Shimoni ndiko kwenye pesa nyingi, na kinga ndiyo inayopeleka mfuko kwenye soko la Musompo ao kwenye nyumba ya mnunuzi. Mwanamke asiyeingia shimoni na asiye na kinga anauza pale alipo, kwa bei atakayoambiwa na mwenye kubeba.

Hapo ndipo kinga inakuwa jambo la sufuria. Mama wa Kapata ao wa Kasulo mwenye kinga anaweza kupeleka mboga sokoni mapema, kuchota maji mara moja badala ya mara tatu, kumfikisha mtoto hospitali bila kutafuta pesa ya moto. Asiye nayo analipa kwa miguu yake na kwa masaa yake.

Mfano uko karibu, upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa. Zambia, wasichana wa vijijini waliokaa mbali na masomo, zaidi ya kilometa tatu, walipewa kinga, na watafiti wakawalinganisha na wasichana ambao hawakupewa. Waliopata kinga walipunguza muda wa njia kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa darasa zilipungua kwa zaidi ya robo. Kinga moja, mabadiliko ya kila siku.

Kuna pia uzi mwingine unaounganisha wapanda kinga wa mbali na Kolwezi. Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka Lualaba. Kinga nyingi za umeme zinazopendwa Ulaya zinatumia betri zenye kobalti. Mwanamke wa mji tajiri anaweza kupanda kwa ajili ya wenzake wa Kabul juu ya betri yenye jiwe lililooshwa na mama wa hapa, ambaye mwenyewe anarudi nyumbani kwa miguu.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 14, inaitaka serkali iondoe kila aina ya ubaguzi kwa wanawake. Sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 2015 juu ya haki za wanawake na usawa inarudilia jambo hilo.

Lakini kwa mambo ya nyumba, mabadiliko yalichelewa. Kwa sheria ya familia ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya bwana yake kwa matendo mengi ya kisheria: kutia sahihi mkataba, kuchukua deni, kufungua biashara. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Sasa bibi na bwana wanapaswa kusikilizana wote wawili. Hata hivyo sheria bado inamtaja bwana kuwa kichwa cha nyumba, na kwa wakaaji wengi habari ya mwaka 2016 haijafika. Mama anayetaka kununua kinga kwa pesa yake ya likelemba hahitaji karatasi ya mtu. Wengi bado wanaomba.

Jimbo lenyewe linaongozwa na mwanamke, Fifi Masuka Saini. Hiyo ni alama kubwa. Lakini kiti cha juu hakishuki chenyewe hadi kwenye kartie. Kati ya ofisi ya gavana na mama mwenye beseni kuna njia ndefu, na njia hiyo anaitembea kwa miguu.

Inasaidia nini, na haisaidii nini?

Wanaokosoa matembezi ya mshikamano wana hoja. Msichana wa Kabul hafunguliwi mlango wa masomo juu wanawake wa mji mwingine wamepanda kinga siku moja. Picha nzuri zinaweza kuwaridhisha waliopiga kuliko kuwasaidia waliofungiwa. Na kuna hatari ingine: kuzungumza juu ya wanawake wa nchi za mbali kama watu wa kuonewa huruma, na kusahau vizuizi vya mlangoni pako.

Wanaotetea wana jibu. Wanawake wa Afghanistan waliotoka walipata njia kwa sababu watu wa nje walikuwa tayari wanawajua kwa majina. Waliojulikana walikuwa na mtu wa kupigia simu. Pia, kundi linalopanda kwa ajili ya wengine linajijenga lenyewe: wanawake waliokuwa wanaogopa barabara wanaizoea wakiwa kumi, kisha watano, kisha mmoja peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yote mawili ni ya kweli. Ndiyo maana makundi yanayodumu yanaunganisha siku ya matembezi na kazi ya mwaka mzima: kufundisha wasichana kupanda, kutafuta kinga, kufuata kesi ya mtu anayejulikana, kusaidia familia moja ya wakimbizi. Bila kazi hiyo, siku ya kinga inabaki sikukuu.

Kwa kundi linalotaka kuanza Lualaba

Kwanza, barua. Kifungu cha 26 cha katiba kinawapa raia haki ya kufanya maandamano ya amani, na kinawataka wanaopanga waarifu kwa maandishi wenye mamlaka. Kuarifu si kuomba ruhusa. Hata hivyo ni vizuri kuonana mapema na meya na polisi ya barabarani, kusudi wawepo kwenye njia panda. Kifungu hichohicho kinasema hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Kwa hiyo mama wa kikundi asiandikwe kwa lazima.

Pili, njia. Barabara kubwa ya kwenda Likasi ina malori ya madini usiku na mchana, na vumbi lake linafunika macho. Kundi la wanaoanza libaki ndani ya komini za Dilala na Manika, asubuhi, siku ya posho ao siku ya yenga mbele ya misa, kwa mstari mmoja, mzoefu mbele na mzoefu nyuma.

Tatu, kinga yenyewe. Ile ambayo bomba la katikati limeshuka inampa nafasi mwenye kikwembe. Shene ifunikwe, la sivyo kitambaa kinanaswa na mtu anaanguka. Freni zote mbili zijaribiwe mbele ya kutoka. Kikwembe kinafungwa juu kidogo, na suruali nyepesi inavaliwa chini yake. Asiyejua kupanda aanze kwa kiwanja, siti imeshushwa hadi miguu iguse chini, bila kukanyaga pedali, mpaka mwili uzoee kujisawazisha.

Nne, tarehe. Tatu zinafaa: tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ambayo wamama wa mji huvaa kikwembe kimoja, tarehe 3 mwezi wa sita, siku ya dunia ya kinga iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na mwezi wa tisa, pamoja na miji mingine ya dunia.

Tano, kwa ajili ya nani. Kundi lichague jina ao mahali, na lieleze kwa wapita njia: wasichana wa Kabul, wanawake wa Irani, wamama waliokimbia Goma na Bukavu. Kisha lijibu swali ambalo watu wa pembeni ya barabara watauliza kwa vyovyote: na hapa je, nani hajapanda? Ndani ya kila nyumba yenye kinga kuna jibu. Baba anayempigia makofi Fariba Hashimi kwenye simu yake anaweza kuanza jioni ileile, kwa kushusha siti na kumshikilia binti yake mgongoni, mizunguko miwili mitatu ya kiwanja, mpaka amwachilie.